Nyange Walioruka Bila Sauti

Kama umeketi kwenye benchi la zahanati ya kifua, na kikopo chako cha makohozi umekifunika kwa kiganja ili jirani asikione, haya nimekuandikia wewe. Mwangalie jirani kidogo. Naye amekifunika chake. Sitakueleza vijidudu vinakula nini wala dawa inavipigaje, hayo waulize wenye makoti meupe. Mimi ni mpiga picha. Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu kusikia, kama utakavyosoma, kuliniponyoka njiani.

Naitwa Ramadhani. Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, lakini miaka ya vita ilinikuta Musaga, upande wa kusini, kwenye nyumba aliyotuachia mjomba wa mke wangu. Ilikuwa na vyumba vitatu, jiko la nje, na ua wa nyuma wenye mparachichi mmoja na kamba ya nguo. Mke wangu ni Hawa. Binti yetu Zaina ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele. Kazi yangu ilikuwa arusi na picha za vitambulisho, na vita, Mungu anisamehe, vilileta kazi. Kila mtu alitaka uso wake uwe kwenye karatasi safi kabla hajafika kwenye kizuizi cha barabarani.

Kifua kilinishika mara mbili. Mara ya kwanza nilianza dawa, nikapata nafuu, kisha mapigano yakafunga barabara ya kwenda mjini na dawa zikanikatikia. Nikajipima mwenyewe, nikajiona nimepona. Ugonjwa ulirudi mvua zilipoanza, na safari hii ulikuja na damu. Ulinikuta kwenye arusi ya watu. Nilikuwa nawapanga wakwe kwa urefu wao, nikakohoa kwenye leso, nikaikunja haraka, nikaendelea kuwaambia watabasamu.

Muuguzi wetu alikuwa mtawa, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mkulima. Sote tulimwita Masera, yaani sista. Alinitazama mgongo wakati nimevua shati, akasoma karatasi yangu, akasoma tena.

"Ramadhani, ile ya kwanza ulitorokea. Sasa ni vidonge na shindano, sindano ya matakoni. Kila siku, mpaka nitakapokuambia bas. Matako yako itanikumbuka."

Hapo ndipo nilipompata Deo. Alikuwa karani wa posta kabla hajaugua, mrefu hata akikaa, na aliishi huku kwetu Musaga, juu zaidi, njia inapopandia milimani karibu na mikaratusi. Wagonjwa wapya huacha nafasi kwenye benchi, kila mtu na kisiwa chake. Deo alikuja akakaa ubavuni pangu kabisa, bega kwa bega.

"Sisi wote tuko nayo," alisema. "Utaniambukiza nini, uislamu?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye naye akacheka mpaka akakohoa, na Masera akatoka kutuangalia kama watoto waliovunja kitu.

Mwili unapoondoka, hauagi. Kwanza pete iliteleza kidoleni nikiwa nafua leso, nikaikuta kwenye beseni. Kisha mshipi wa suruali ukahitaji tundu jipya, na jingine. Vidonge viliufanya mkojo wangu uwe na rangi ya mawese, na Zaina, aliyeuona kwa bahati mbaya, alimwambia mama yake kwamba baba anakauka kutoka ndani. Usiku nililowa jasho kama aliyenyeshewa. Hawa alilianika godoro kila asubuhi, na majirani walilihesabu godoro lile kama walivyohesabu kila kitu wakati ule.

Nilihamia kwenye chumba changu cha giza, kile kichumba cha nyuma nilichokuwa nikisafishia picha. Nililala kati ya madishi na chupa za dawa za kusafishia. Kijiko changu kilifungwa uzi mwekundu. Sahani yangu ilikaa dirishani, peke yake. Shemeji yangu Jumaa, kaka mkubwa wa Hawa, alikuja kutoka Buyenzi akasimama mlangoni asiingie.

"Hawa, chukua mutoto muende kwa mama," alisema. Alisema mbele yangu, kama vile mimi ni kabati.

"Na nani atamupikia?"

"Atajipikia. Mi sisemi umuache. Nasema umungojee mbali."

"Kaka, barabara ikifungwa nikiwa kule, nitamungojea kama nini? Kama mujane?"

Jumaa aliondoka na hasira, hakurudi mpaka Idi ya pili. Hawa alibaki. Lakini nitasema kweli, kwa kuwa wewe uliye kwenye benchi utalipitia: alibaki, ila hakunigusa. Zaina naye hakunigusa. Chakula kiliwekwa chini, mtu akarudi nyuma, ndipo nikakichukua. Sikumlaumu yeyote, na bado usiku nilijishika mkono wangu mwenyewe ili tu kuwe na mkono.

Deo naye alikuwa na kilio chake. Kwao Warundi wanywa pombe, watu hukalia chungu kimoja na kuvuta kwa mrija mmoja, ukitoka kwa huyu unaenda kwa yule, na kunyimwa mrija ni kuambiwa hujulikani. Tangu augue, alikwenda kwenye vilio na arusi na mrija wake mwenyewe mfukoni. Watu walimpa bia kwenye kopo, wakamwita kaka, wakamwacha pembeni.

"Siku Masera atasema nimepona," aliniambia, "nitavuta mpaka chungu ilie."

Sasa nifike kwenye masikio.

Mvua zilikuwa bado kubwa nilipogundua kwamba chozi, yule ndege mdogo anayening'inia kwenye maua, anafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Nilimtazama mparachichini, koo linatetema, kimya. Badala yake kulikuwa na mlio mwembamba ndani ya kichwa changu ambao haukuwa wa kitu chochote. Baada ya chozi ikaondoka sauti ya kijiko kwenye sufuria. Kisha adhana ikawa mbali, ingawa upepo ulikuwa unavuma kuja kwetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia Masera siku ile ile.

Aliweka sindano chini.

"Maskio inalia?"

"Inalia."

"Ni dawa hii. Tukiachisha sasa, kifua inaweza kukushinda. Tukiendelea, maskio inaweza kwenda. Sina dawa ingine, Ramadhani, barabara yote imefungwa. Uende uongee na bibi yako. Kesho uniambie."

Tuliongea uani, Hawa kwenye kigoda, mimi mbali naye kwa urefu wa kamba ya nguo. Nilidhani atasema niendelee. Alisema niache.

"Utarudi namna gani nyumbani?" aliuliza. "Askari atasema simama. Wewe hutasikia. Atasema tena. Mara ya tatu hasemi."

Sikuwa nimefikiria hilo. Mimi nilikuwa nafikiria ndege, na sauti ya mwanangu. Yeye alikuwa anafikiria kizuizi cha pale chini barabarani na vijana wenye bunduki wasiojua kwamba kuna watu wasiosikia. Asubuhi nilimweleza Deo kwenye benchi. Hakusita hata kidogo.

"Kiziwi anaonaka mutoto wake," alisema. "Maiti hamuonaki. Na njiani nitakuwa maskio yako, mi napita kwenu kila siku. Tatizo gani?"

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Niliendelea na sindano mpaka Masera aliponiambia bas, na niliposoma neno lile midomoni mwake, nilisoma tu. Sikulisikia.

Ukiziwi wangu haukuwa kamili. Bomu likianguka nililisikia kwa nyayo, na mlango ukipigwa kwa nguvu kifua kiliniambia. Lakini maneno, ndege, mvua kwenye bati na risasi vilikwisha. Dawa ilichukua na mizani yangu pia, nikawa natembea nikipepesuka. Mimi, ambaye sijawahi kuonja hata urwarwa, pombe ya ndizi, nilionekana mlevi wa mchana kweupe, na wazee wa msikitini walitikisa vichwa.

Deo alitimiza neno lake. Siku za kuchukua vidonge alipita nyumbani, akanishika kidole kidogo, na tukashuka barabarani tumeshikana kama wanaume wa hapa wanavyotembea, bila mtu kushangaa. Tulikuwa na mpango. Askari akisema simama, Deo anabana kidole, nasimama. Akisema pita, anakiachia kidogo. Nilivuka vizuizi vyote vya miezi ile kwa kidole cha karani wa posta. Ukimwondoa Masera na sindano yake, alikuwa mtu pekee aliyekuwa ananigusa.

Peke yangu sikuruhusiwa kutoka, Hawa alifunga mlango wa mbele na ufunguo akaweka kwenye khanga. Basi nilibaki na ua wa nyuma. Mgonjwa asiye na kazi hugeuka mlinzi wa ukuta. Siku moja, kiangazi kinaanza na vumbi limeshaingia kwenye majani, niliinua macho nikaona mwewe anazunguka juu ya mparachichi bila kupiga bawa, na nikaona kwamba kwa jinsi nilivyo, yule ndege hakupungukiwa na kitu. Mwewe akipaa huwa hana sauti hata kwa wenye masikio. Kwa mara ya kwanza tangu masikio yaondoke, nilikuwa natazama kitu kizima.

Nilikwenda nikatoa kamera na lenzi ndefu, ile niliyoinunua kwa mwalimu mmoja wa kizungu alipokuwa anakimbia nchi. Hawa alipoiona aliniandikia kwenye ubao wa shule wa Zaina, kwa herufi kubwa: JUU TU. Alikuwa na haki. Lenzi ile ukiielekeza milimani, mtu wa huko na mtu wa huku wote watasema unawahesabu. Niliapa, na tangu hapo nilipiga mbingu peke yake.

Kumpiga picha ndege anayeruka si kama kumpiga bwana arusi. Ukimngoja afike, umechelewa. Unamshika mapema kwenye kioo, unageuka naye kiuno kizima, miguu imekaa, na unabonyeza huku bado unageuka, usisimame. Mikono yangu haikuweza kubeba lenzi, kwa hiyo nilifunga kitenge cha zamani kwenye tawi la mparachichi nikailaza humo kama mtoto mgongoni, ikawa inabembea na mimi. Filamu zilikuwa za shida, vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimekausha maduka, na zile chache nilizokuwa nazo zilikuwa zimepitwa na tarehe. Nilipiga picha moja, nikapumzika, nikasubiri pumzi irudi. Mwanzoni nilipata mikia na ncha za mabawa. Kisha kunguru mzima mwenye kola nyeupe, kisha mwewe wawili wakigombania kitu hewani. Hamu ya kula ilirudi wiki zile. Sisemi ni ndege. Nasema ilirudi.

Jioni ilikuwa zamu ya nyange. Walitoka bondeni na ziwani, vikundi kwa vikundi, weupe, shingo zimekunjwa, wakapita juu ya bati letu kwenda kulala kwenye mikaratusi ya juu, karibu na kwa Deo. Deo akipita kunitazama alikaa kwenye kreti la bia lililopinduliwa, akanigeukia ili nione midomo yake.

"Foto, unapoteza filme kwa ndege, na batu tuko?"

"Basi tulia hapo nikupige wewe."

Aliziba uso kwa kofia.

"Apana. Ngoja ninenepe. Unataka batoto bangu baone hii mifupa?"

Nilimwuliza tena na tena. Kila mara alikataa, kila mara alijishika shavu kupima, na kweli lilikuwa linaanza kujaa. Kilo kwa kilo, haba na haba. Alisema mwezi mwingine, labda.

Jioni ninayotaka kukueleza ilikuwa ya kawaida. Deo alikuwa amenirudisha nyumbani na vidonge vyetu, amekunywa uji kwenye kopo lililofungwa uzi kama langu, ameniaga na kupanda kwao. Hawa alikuwa jikoni anachambua mboga za lengalenga. Nyange walikwisha kupita na kutua. Ile mikaratusi ilikuwa nyeupe kwa juu, na jua lilikuwa limebaki kidogo. Nilikuwa nafungua kitenge niingize kamera ndani.

Wakaruka wote. Sijawahi kuona hivyo, wala sijaona tena. Walitoka mitini kama vile mtu amekung'uta shuka, wakapanda, wakageuka kwa pamoja, wakaja juu ya ua wetu chini kabisa, mwanga ukiwapita kwenye mabawa hata nikaona mifupa. Nilirudisha lenzi kwenye kitenge nikageuka nao. Nilibonyeza, nikavuta filamu, nikabonyeza. Wakazunguka wakataka kutua, wakaruka tena. Nilikuwa nacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nacheka kwa mdomo wazi, na nilimwambia Mungu asante, kwa sababu filamu ilikuwa bado na nafasi na nyange walikuwa bado wanakuja.

Kitu kilinipiga kiunoni nikaanguka. Alikuwa Hawa. Alinikumbatia kwa mikono miwili, akaniburuta kwenye vumbi mpaka nyuma ya ukuta wa jiko, akanilalia. Mdomo wake ulikuwa wazi karibu na uso wangu. Nilifikiri ana hasira ya filamu. Nilianza kumweleza habari za mwanga. Kisha nikamwona Zaina chini ya meza ya jikoni, viganja viwili vimeziba masikio, macho yamefumba, na ndipo nilipoelewa ni nini kilichokuwa kimewarusha wale ndege.

Ilikuwa mara ya kwanza mke wangu kunishika tangu damu ile ya arusini.

Siku ya vidonge ilifika na hakuna aliyekuja kunishika kidole. Hawa ndiye aliyenipeleka. Benchi lilikuwa limejaa, lakini ubavuni pangu watu waliacha nafasi ya mtu mmoja, nadhani bila kukusudia. Masera alitoka na faili mbili mkononi, akanitazama, akairudisha moja ndani. Baadaye Hawa aliniandikia ubaoni. Deo alikuwa amebakiza hatua chache afike mlangoni kwake. Ni nani aliyempiga risasi jioni ile, kila mtu Musaga ana jibu lake, na majibu hayafanani. Mimi sina.

Vidonge viliendelea kwa mvua yote iliyofuata. Mbayuwayu walikuja kama wanavyokuja kila mwaka, wakajaa kwenye nyaya, na sikuwapiga. Filamu ile niliisafisha peke yangu kwenye chumba cha giza, nikaitazama kwenye mwanga mara moja tu. Fremu moja ilikuwa ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani. Niliiviringisha nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga nikalifunga. Nilikuwa nikilala nalo chumba kimoja, na usiku niliota nyange wanaruka kimya, daima kimya, na mimi nacheka.

Mchana nilipata kazi mpya ambayo sikuiomba. Niliwasoma ndege. Kunguru wakiinuka pamoja upande wa mto, mwewe wakiacha mzoga bila sababu, niliangusha kila kitu nikamvuta Zaina ukutani. Mara nyingine nilikuwa sahihi. Mara nyingi ilikuwa mbwa, au mwanamke anakung'uta mkeka. Mwanangu alizoea kuangushwa chini na baba yake kwa ajili ya mikeka ya watu. Hawa akaanza utaratibu wake: ndege wakiruka na hakuna kitu, ananiwekea mkono begani. Ugonjwa ulikuwa umeniondolea mikono ya watu. Ukiziwi, kwa kuwa sasa hakukuwa na njia nyingine ya kuniita, uliirudisha mmoja mmoja. Hili lishike, wewe wa benchini. Ni rehema ndogo, lakini nimeishi nayo.

Kiangazi kiliporudi, Masera alinisomea karatasi ya mwisho, akavua glavu, akanipa mkono mtupu. Makohozi yalikuwa safi. Niliushika ule mkono nikalia kama mjinga, na benchi zima likageuka kutazama kwingine.

Haukupita muda mke wa Deo akaja kwetu. Tunamwita Mama Aline. Alikuwa bado kwenye kilio. Kwao, mtu akifa, kuna siku ya kwanza ya kupunguza msiba, halafu baada ya mwaka hivi kuna kuganduka, siku ya kumaliza kilio kabisa. Watu hukusanyika, hunywa, maneno husemwa, na picha ya marehemu huwekwa juu ya meza, imezungushiwa maua. Mpaka siku hiyo ipite, mjane haamki kweli.

Alikaa kwenye kreti lile lile la bia. Hawa alikaa karibu yake akawa anarudia maneno yake polepole nikimtazama, pale midomo iliponishinda.

"Nakuja kwa foto," alisema Mama Aline. "Nyinyi mulikuwa pamoja kila siku. Najua iko moja."

"Haiko, mama. Nilimwomba. Alisema mpaka anenepe."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka kidogo.

"Ni yeye kabisa," alisema. Kisha akafuta uso. "Basi nipe ile ya ndege."

Nilimgeukia Hawa. Alitazama chini, nikajua ni yeye aliyemwambia.

"Ile siwezi," nilisema. "Mama Aline, ile siwezi kuitoa. Nilikuwa nacheka. Wanampiga mumeo, na mimi hapa chini nilikuwa nacheka."

"Bibi yako ameniambia. Nisikilize." Alisogeza kreti akanikaribia. "Mi nilikuwa ndani, chini ya kitanda na batoto. Sikuona kitu. Nilisikia tu. Na mpaka leo, nikilala, nasikia. Sina picha, niko na sauti peke yake. Wewe uliona, haukusikia. Nipe ile uliona."

Nilikaa nikitazama kopo la maziwa ya unga kupitia mlango wa chumba cha giza. Halafu nilimwuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kumwuliza mtu, hata mke wangu.

"Ilikuwaje? Sauti yake."

Alichukua mkono wangu, mkono wa mtu aliyekuwa na kifua kikuu, akaulaza juu ya goti langu kiganja chini, na juu ya mgongo wa mkono huo akaanza kugonga kwa kidole. Mfululizo, haraka haraka. Akaacha. Mfululizo mwingine, mfupi. Akaacha muda mrefu sana, kidole kimeinuka hewani. Kisha akagonga mara moja, taratibu.

"Ile ya mwisho," alisema, "ndiyo nasikiaka."

Niliisafisha picha siku iliyofuata, kwa karatasi kubwa kuliko zote nilizobakiwa nazo. Kwenye dishi nyange walijitokeza mmoja mmoja, kwanza wale wa chini. Hawa alisimama nyuma yangu, mkono begani mwangu.

Kuganduka kulifanyika uani kwa Deo, chini ya ile mikaratusi. Picha iliwekwa mezani mahali pa uso wa mtu, ikazungushiwa maua. Wengine walishangaa, wazee wakanong'onezana, na Mama Aline hakumweleza yeyote. Mbele yake aliweka mrija wa Deo, ule wa mfukoni. Chungu kilipofika kwake, aliuchukua, akauchovya, akavuta, akampa shemeji yake, naye akavuta bila kuufuta. Uliwazunguka wote. Mimi nilikunywa Fanta yangu nikitazama midomo ya wasemaji. Mengi yalinipita.

Jua liliposhuka, nyange walikuja kulala. Walipita juu ya meza, wakatua mitini, wakatulia. Msemaji aliendelea. Kisha, sijui kwa nini, wakaruka wote.

Nilikuwa chini kabla sijajua. Nilijikuta nimelala kati ya miguu ya viti, Fanta imenimwagikia kifuani, nimemkumbatia Zaina, naye kwa mazoea amekwisha kufumba macho. Nilitazama viatu vya watu. Havikukimbia. Hawa alikuwa upande wa pili wa ua, kwenye masufuria, anakuja mbio lakini yuko mbali, na bega langu lilikuwa halina mkono.

Aliyefika kwanza ni Mama Aline. Alipiga magoti kwenye vumbi na nguo yake ya siku ile. Hakusema neno, alijua halitafika. Aliuchukua mkono wangu, akaulaza chini, akaweka wake juu. Nilingoja kidole kigonge. Hakikugonga. Kiganja chake kilikaa pale, kizito, kimetulia, mpaka nyange wa mwisho alipotua.